Kitufe kimoja hakiandiki: maswali ya waliolehemu kibodi kwa mkono

Mimi huketi Tudor, Mombasa, na mezani kwangu hapakosi kibodi ya mtu imelazwa chali. Aliyeileta huwa ameilehemu mwenyewe, swichi sitini na kitu, kisha kitufe kimoja kikagoma. Kabla ya kuja kwangu ameshakipitishia chuma cha moto mara tano. Hapo ndipo kazi ndogo inapogeuka kubwa. Nimeyaandika hapa maswali ninayoletewa kila mara, na karibu kila jibu lina ombi lile lile: chuma kikae baridi mpaka ujue ugonjwa uko wapi.

Kitufe kimoja kimekufa kabisa. Nianzie wapi?

Anzia mbali na bodi. Badilisha kebo ya USB, kisha ichomeke kibodi kwenye kompyuta nyingine. Kama kompyuta ni ya Windows, hakikisha hukuwasha bila kujua ule mpango wa kuchuja vitufe, ambao hujiwasha ukikandamiza Shift ya kulia kwa sekunde 8. Ukiwaka, kibodi nzima huonekana kama imelala usingizi, na mtu huanza kufungua skrubu bure.

Baada ya hapo fungua ukurasa wowote wa kupimia kibodi, au VIA, programu ya kupangia vitufe, kama kibodi yako inakubaliana nayo, ubonyeze vitufe vyote kimoja kimoja. Chukua karatasi uandike vilivyokufa ni vingapi na viko wapi. Kikiwa kimoja peke yake, shida iko kwenye swichi ile, viungo vyake viwili (pale miguu yake ilipolehemiwa kwenye bodi) au dayodi yake, kile kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ikiwa ni safu nzima, ya kulala au ya kusimama, usiguse swichi hata moja. Tazama njia inayoipeleka safu hiyo kwenye chipu. Na vikianza kufa katikati ya safu hadi mwisho wake, njia ya shaba imekatika baina ya kitufe cha mwisho kinachoandika na cha kwanza kisichoandika.

Usiifanye sentensi ya Kiswahili kuwa kipimo chako. Maneno yetu hayana Q wala X, na C haionekani ila ikiwa na H. Kuna kijana aliisifu kibodi yake mwezi mzima, hadi siku alipotakiwa kuandika neno la siri lenye X.

Hiyo habari ya safu inatoka wapi? Si kila kitufe kina waya wake?

La. Vitufe 60 vingehitaji chipu yenye miguu zaidi ya 60, na chipu ya kawaida kama ATmega32U4 haina hata nusu ya hiyo ya kutumia. Kwa hivyo vitufe hupangwa kama ubao wa bao: safu mlalo 5 na safu wima 14, jumla miguu 19 tu. Kila kitufe kinakaa pale safu mbili zinapokutana. Chipu huipitia kila safu kwa zamu, mara elfu moja na zaidi kwa sekunde, ikiuliza: hapa pamebonyezwa? Na hapa?

Dayodi ndogo iliyo kando ya kila swichi, mara nyingi 1N4148, ni mlango wa kwenda bila kurudi. Umeme upite upande mmoja tu, majibu ya vitufe yasichanganyike.

Nitajuaje kama mbovu ni swichi, kiungo au kitu kingine?

Kwa kibano cha chuma. Kipimo hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakiharibu kitu na hakihitaji hata multimita, kile kipimo cha umeme.

Ilaze kibodi chali, kebo ikiwa imechomekwa na ukurasa wa kupimia umefunguliwa. Umeme wa USB ni volti 5, haukudhuru. Bora tu kibano kisipotee njia kikagusa chipu. Tafuta miguu miwili ya chuma ya swichi iliyogoma. Gusa ncha ya mguu mmoja na ncha ya mwingine kwa pamoja, pale inapochomoza juu ya risasi ya kulehemia. Herufi ikitokea, viungo vyako ni vizima na njia ni nzima, swichi ndiyo imekufa ndani.

Isipotokea, teremsha kibano kidogo, uguse sasa maduara ya shaba ya bodi yanayoizunguka miguu, badala ya miguu yenyewe. Herufi ikija hapo, mguu haujashikana na duara: kiungo ndicho kibaya. Na kama bado kimya, iache swichi kwa amani. Shida iko kwenye dayodi au kwenye njia ya shaba.

Dakika moja hiyo. Wengi huiruka, wakaenda moja kwa moja kung'oa swichi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kiungo chaonekana kizuri, kimetuna na kinang'aa, lakini kitufe hakiandiki. Vipi?

Hili lilinipata mimi mwenyewe kwenye kibodi yangu ya kwanza, na kitufe kilikuwa A. Mwandishi wa Kiswahili bila A hana kazi. Jaribu kuandika "baba" uone. Niligeuza bodi nikatazama: viungo viwili vya A vimenona kuliko vya majirani. Nikavipasha moto. Nikavipasha tena, nikaongeza risasi. Mara ya nne nikasikia harufu ya bodi kuungua, na lile duara la shaba likainuka na kubaki kwenye ncha ya chuma kama gamba la samaki.

Nilipoing'oa swichi ndipo nikaona. Mguu mmoja haukuwahi kupita tunduni. Nilipoibana swichi kwa nguvu, mguu ulikunjika ukalala chini ya tumbo la swichi kama mguu wa panzi. Mimi kwa upande wa chini nilikuwa nimeziba tundu tupu kwa risasi nzuri sana.

Kwa hivyo tazama kiungo kwa ubavu, chini ya mwanga wa tochi ya simu. Kiungo chenye mguu ndani yake kina kilele kidogo, ncha ya chuma inachungulia katikati. Kisicho na mguu ni kuba laini lisilo na kitu. Dawa yake ni kuitoa swichi, kuunyoosha mguu taratibu kwa kibano, na kuirudisha ukiingiza kwa unyofu bila kuipindisha. Na siku nyingine, kabla ya kulehemu swichi hata moja, igeuze bodi uhesabu miguu: kila swichi miwili ya chuma. Zile fito fupi za plastiki kwenye swichi za miguu mitano ni za kushikilia tu, hazipitishi umeme.

Kiungo kizuri ni kipi, na chuma kiwe na joto gani?

Kizuri kina umbo la kichuguu chenye mteremko laini, risasi imeshika duara la shaba pande zote na kuupanda mguu. Kibaya huwa kama tone la maji juu ya jani la mgomba: kimeketi juu lakini hakikushika. Huyo ndiye anayefanya kitufe kiandike asubuhi kigome jioni, au kiandike ukikibonyeza kwa upande mmoja tu.

Risasi ya 63/37, yaani bati 63 na risasi halisi 37 kwa mia, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile isiyo na risasi halisi ndani huanzia kama 217, na kwa anayejifunza ni sumbufu zaidi. Weka chuma kati ya 320 na 350 kwa hiyo ya kwanza. Gusisha ncha kwenye mguu na duara kwa pamoja, hesabu moja, lisha waya wa risasi kwenye kiungo wala si kwenye ncha, toa waya, toa chuma. Sekunde mbili au tatu, basi. Kisha usitikise kitu mpaka kigande.

Sasa, hapa kwetu kuna adui ambaye video za mafunzo za ng'ambo hazimtaji: feni. Joto la mwezi wa pili na wa tatu linamfanya mtu akae chini ya feni iendayo kasi, na upepo ule unapoza ncha na kiungo kabla risasi haijashika. Zima feni, lehemu viungo kumi, washa upumue. Dirisha liwe wazi, maana ule moshi wa fulaksi, dawa inayoisaidia risasi kushika, si mzuri kwa kifua. Na funga kitambaa kwenye paji la uso. Nimewahi kuona tone la jasho likidondokea bodi ikiwa na umeme, na mwenyewe akaapa ni mvua.

Jambo la pili ni stima. Chuma cha bei nafuu kisicho na kirekebisha joto hutegemea umeme wa ukutani, na ukishuka jioni watu wote wanapopika, ncha nayo hupoa. Viungo vingi vibaya ninavyoletewa vililehemiwa usiku.

Herufi moja yaandika mara mbili: "habbari", "ssalama". Ni mkono wangu?

Si mkono wako. Vipande viwili vya chuma vinapogongana ndani ya swichi hurukaruka kwa muda mfupi mno kabla ya kutulia, na programu ya ndani ya kibodi ndiyo inayosubiri utulivu huo. QMK, mojawapo ya programu hizo, husubiri milisekunde 5 usipoiambia vinginevyo. Swichi iliyochakaa au iliyoingia uchafu huruka kwa muda mrefu zaidi, na chipu ikahesabu mbonyezo wa pili.

Unaweza kuongeza muda huo hadi 8 au 10, na mwandishi wa kawaida hatahisi tofauti. Lakini mimi naihesabu kuwa ni kumfunika mgonjwa shuka. Kama ni kitufe kimoja tu, pasha upya viungo vyake kwanza, maana kiungo kilegevu nacho huiga ugonjwa huu huu. Kikiendelea, badilisha swichi.

Nikibonyeza Q, A na S pamoja, W inajiandika. Wallahi sikuigusa.

Nakuamini, wala si jini. Umeme umezunguka kona. Ulitoka safu wima ya W ukapita kwenye S, ukarudi kinyumenyume kupitia A, ukatokea Q, na chipu ikadhani W imebonyezwa. Kupita kinyumenyume ndiko dayodi inakokuzuia, kwa hivyo dayodi moja haifanyi kazi yake: ama imepigwa shoti na tone la risasi, ama mtu aliweka kipande cha waya mahali pake.

Ipi? Chora mraba wa vitufe hivyo vinne. Ya kukaguliwa ni dayodi ya kitufe kilicho pembe ya mkabala na kile cha uongo. Hapa cha uongo ni W, kwa hivyo kamata dayodi ya A.

Dayodi napimaje?

Chomoa kebo kwanza. Weka multimita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu upande usio na mstari, mweusi upande wenye mstari. Nzima itaonyesha kati ya 0.5 na 0.7. Geuza nyaya: isionyeshe kitu. Ikionyesha karibu na sifuri pande zote mbili imepigwa shoti. Isipoonyesha popote imekufa, au kiungo chake hakikushika.

Kosa la kawaida zaidi ni dayodi kuwekwa kichwa chini. Hapo kitufe hufa kimya kimya, na kwa macho kila kitu ni salama. Linganisha mistari myeusi yote. Inayotazama upande tofauti na wenzake ndiyo hiyo. Umezigeuza zote? Usilie, wala usitoe hata moja. Kwenye QMK kuna mstari mmoja wa mpangilio, `DIODE_DIRECTION`. Kama ni `COL2ROW` andika `ROW2COL`, au kinyume chake, pakia upya, kibodi itafufuka.

Dayodi za 1N4148 ni rahisi mno, na ukikosa kabisa, fundi wa redio yeyote ana maiti ya redio yenye kadhaa ndani.

Kibodi yaandika "aaaaaaaa" bila kuguswa.

Shoti. Tone la risasi limeunganisha maduara mawili ya A, au unywele wa waya umelala hapo. Zikitoka herufi mbili kwa mbonyezo mmoja, tone liko baina ya vitufe viwili jirani. Pitisha ncha safi yenye fulaksi katikati na tone litajigawa. Pia hakikisha chini ya bodi hakuna skrubu inayogusa viungo. Nimeshahangaika saa nzima kwa skrubu ndefu kuliko inavyotakiwa.

Natoaje swichi bila kuharibu bodi?

Ongeza risasi mpya kwanza. Najua inasikika kama wazimu, kuongeza unachotaka kuondoa, lakini risasi kongwe imekauka fulaksi yake na haiyeyuki sawasawa, mpya huichangamsha. Pasha hadi yote iwe maji, kisha nyonya kwa pampu ya risasi. Mabaki yaondoe kwa utambi wa shaba uliopakwa fulaksi. Sukuma mguu kwa kibano: ukicheza tunduni, uko huru. Usipocheza, rudia. Usivute swichi inayokataa, kwani inayokataa bado imeshikwa, na kitakachotoka ni duara la shaba.

Fulaksi iwe ya vifaa vya umeme. Ile asidi ya mafundi bati wa kuziba sufuria na mapipa usiilete karibu; itakula shaba yako polepole hata baada ya kazi kwisha.

Na risasi ni sumu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kurudi kwenye mahamri.

Duara la shaba limeng'oka. Nitupe bodi?

Hapana. Duara lilikuwa kituo tu. Safari yaweza kupita njia nyingine. Mguu mmoja wa swichi unakwenda kwenye dayodi yake, mwingine unakwenda kwa jirani wa safu. Weka multimita kwenye mlio, ugusanishe duara kama lile lililong'oka, lakini la kitufe kingine kizima, na majirani zake hadi ujue linaelekea wapi. Kisha chukua uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya kebo ya mtandao, uuache na ngozi yake, uvue ncha mbili tu, ulehemu moja kwenye mguu wa swichi na nyingine kwa huyo jirani. Ile A yangu inaandika kwa waya kama huo hadi leo.

Chai imemwagika. / Hewa ya bahari inadhuru?

Nayaweka pamoja kwa sababu yote mawili ni maji yenye kitu ndani yake.

Chai: chomoa mara moja, usijaribu "kuona kama inaandika". Toa kofia za vitufe. Ya maziwa na sukari ni mbaya kuliko kahawa chungu, kwani hukauka ikawa gundi ndani ya swichi. Safisha bodi kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya 99 kwa mia. Spiriti ya kusafishia vidonda nyingine huwa na mafuta ndani yake na huacha utando, kwa hivyo soma chupa. Kausha kivulini mbele ya feni (hapa feni ni rafiki) siku mbili kamili, usianike juani.

Bahari: chumvi ya hewani pamoja na unyevu huota kijani kwenye shaba iliyo wazi, hasa mahali palipobaki fulaksi. Anayekaa Nyali au Likoni karibu na maji hulijua hili kwa bawaba za milango yake. Funika kibodi usiku, safisha mabaki ya fulaksi siku ile ile uliyolehemu, na ukiiweka muda mrefu iweke kwenye mfuko uliofungwa.

Yangu haina bodi, ni nyaya tupu niliziunga mwenyewe. Mambo ni hayo hayo?

Ni hayo hayo na rahisi zaidi, maana njia zote ziko mbele ya macho yako. Vuta kila waya kidogo kwa kibano. Unaotoka ndio ulioukosa. Angalia pale nyaya za safu wima zinapovuka za safu mlalo: ngozi ya waya iliyoyeyuka kwa joto la chuma hapo ni shoti inayokungoja.

Kitufe kinaandika, ila herufi si yake.

Hapo risasi haina kesi. Ni mpangilio wa vitufe kwenye programu, au lugha ya kibodi uliyoichagua kwenye kompyuta.

Swichi imekufa kweli na sina nyingine ya aina ile. Nisubiri mzigo kutoka nje?

Unayo tayari, iko kwenye kibodi hiyo hiyo. Tafuta kitufe usichokigusa, toa swichi yake, umpe mgonjwa, na ile mbovu yaweza kurudi pale pasipotumika. Hakikisha tu ni aina moja, ama kidole chako kitalalamika kila kinapopita. Watu huniambia nichukue Q, kwa kuwa Kiswahili hakiihitaji. Nawakumbusha neno la siri la yule kijana. Mimi nilichukua Scroll Lock. Mahali pake pana tundu wazi tangu siku hiyo, na mwanangu huficha humo mbegu za ubuyu.